Mkwe Wangu kwa Kihispania

Jumamosi, 3 Mei

Leo darasani nimeng'ara! Sista Febronia — alikaa Hispania miaka mingi, sasa anatufundisha kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia — kasema nina ulimi mwepesi. Mwezi ujao wanakuja madaktari wa macho kutoka huko, na anatafuta mkalimani. Nafasi ni moja. Nelly, mwenzangu wa darasani, anaitaka. Mimi naitaka zaidi.

Kihispania si kigumu kihivyo. Sisi mtendaji tunamweka mwanzoni mwa kitenzi: nasema, unasema. Wao wanamning'iniza mkiani: hablo, hablas. Sifa inafuata jina kama kwetu — casa grande, nyumba kubwa. Raha tupu.

Leo ilikuwa kueleza familia. Nikasimama. Mi suegro se llama… mkwe wangu anaitwa… nikalitaja! Jina la baba mkwe, kavukavu. Halafu nikamalizia na sifa nilizokariri wiki nzima: es viejo, es feo, es gordo. Ni mzee, ana sura mbaya, ni mnene. (Wala si mnene.) Darasa likaangua kicheko. Nikanogewa, nikarudia.

Kwa kina Omega, mume wangu, mkwe hatajwi jina. Ni Wasukuma wale, hawana mchezo kwenye hilo. Tangu niolewe, hata fundi baiskeli wa hapa Kibaoni mwenye jina hilohilo namwita "yule fundi". Lakini nilijiambia Kihispania hakihesabiki. Nani atasikia?

Jumatatu, 5 Mei

Nelly alinirekodi. Kaniweka status! Nimempigia, anacheka: shoga, si umepatia kila kitu, mimi nimekusifia tu. Ameifuta. Too late.

Jumanne, 6 Mei

Wifi yangu Rosemery aliiona, akaomba atumiwe. Kaicheza nyumbani kwao Namawala, kwa nia njema kabisa — wazazi wasikie mkamwana wao anavyoporomosha Kizungu. Baba alikuwa anakunywa uji. Katika maneno yote yale alielewa moja tu. Jina lake. Mkamwana analitangaza, watu wanacheka. Akaweka kikombe chini, akatoka kwenda kwenye ng'ombe.

Omega kasusa kula. "Umemtaja baba, Digna. Mbele za watu!" Kisha akauliza, na baada ya jina ulisema nini? Nikajibu, nilisema ana ng'ombe wengi. Uongo umetoka laini mpaka nikajiogopa.

Jumatano, 7 Mei

Aibu. Sijatoka ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Namfikiria baba. Ukoo uliponikataa mimi, Mpogoro nisiyejua hata kukamua, ni yeye aliyesema: huyu ni binti yangu, maneno yamekwisha. Mwaka jana nilipolazwa na malaria alitoka Namawala na maziwa kwenye kibuyu, akakaa nje ya wodi kutwa nzima. Mkwe haingii alikolala mkamwana. Nilikuwa namsikia akikohoa pale nje.

Na mimi nikamwita feo. Ili Nelly acheke!

Jumapili, 11 Mei — Namawala

Tumekuja kuomba radhi. Nilipiga magoti mbali, macho chini. Shikamoo baba. Nikasikia kuku wakiparua. Nikadhani basi, leo narudishwa kwetu.

"Marahaba, mwanangu."

Akasema jina limeshatoka mdomoni, halirudi, yaishe. Mama akapiga kigelegele kidogo. Nikalia, sikuweza kujizuia.

Laiti tungeishia hapo. Lakini akamgeukia Omega — kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Mwulize mkeo, kile Kizungu kilichofuata ni nini? Nilisikia watu wanafurahi sana. Nataka kujua mwanangu alinisifu vipi."

Omega akadakia, alisema una ng'ombe wengi, baba. Mzee akacheka — akacheka kweli, mpaka akakohoa. "Aseme mwenyewe. Neno kwa neno. Nikirudisha ng'ombe." Kaagiza na majirani waitwe.

Sasa jua limelala, niko nyuma ya jiko, najifanya nachambua mchicha. Namawala nzima hakuna anayejua Kihispania. Naweza kusema lolote nipendalo na wote watashangilia, naye atalala na uongo wangu akiwa na furaha. Au niseme kweli, mbele ya majirani, baada ya kusamehewa. Sijui lipi baya zaidi. Mi suegro es bueno. Mkwe wangu ni mwema. Sentensi nyepesi kuliko zote, mtoto wa chekechea angeiweza, na siku ile haikunijia hata kidogo.

Ng'ombe wameshaingia zizini. Rosemery ananiita: "Wifi, njoo! Baba kashakaa. Mimi nacheza video, nasimamisha kila neno, wewe unatafsiri."