Sahihi ya Faustin

Jumatatu, 3 Machi
Magunia ya chumvi 212, mawili yamelowa. Sabuni sawa. Unga bado, mashua imekwama Yangambi. Nimefunga depo saa kumi. Miezi minane sasa ninafunga mimi, tangu chef, mkuu wa depo, alipostaafu.
Leo patron, mwenye kampuni, ameniita ofisini. Kazi ya chef ni yangu, kamili. Nikamshukuru. Halafu akavuta droo, akanipa karatasi: mume anampa mke wake ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Jina lake, sahihi yake. "Utakuwa unasafiri na mashua, mama. Sitaki bwana yako akuje kunifanyia fujo hapa." Miezi minane nimebeba funguo, hakuna aliyeniomba karatasi.
Nimerudi nyumbani kwa miguu. Wa toleka, wabeba abiria, waliniita na baiskeli zao, nikawapita.

Jumanne, 4 Machi
Didier, ambaye mimi ndiye nilimfundisha kujaza fishi, kadi za hesabu za depo, aliingia kazini bila karatasi. Nimemuuliza kama mke wake alisaini. Alicheka mpaka akakohoa.
Jioni nimemwonyesha Faustin, mume wangu. Ni mvuvi wa kwenye maporomoko, anajua kamba kuliko kalamu. Akanyoosha mkono. "Bon, leta Bic nisaini, ikwishe. Iko karatasi tu." Nikamwambia, kama ni karatasi tu, kwa nini wanaitaka? Akanitazama kama nina homa.
Nimeiweka chini ya godoro. Namkasirikia naye hajafanya kosa. Hilo linaniudhi zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Binti wa jirani anasoma sheria chuo kikuu. Nimempelekea karatasi. Aliisoma, akanuna, akatoa simu. Ruhusa ya mume ilifutwa kwenye sheria ya familia mwaka 2016. Ilifutwa. Na sheria ya kazi inakataza kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke.
Miaka yote hii wanawake wa depo wanaleta karatasi hizo. Nani aliyekuwa anawakumbusha wasisahau? Mimi. Naona haya. Na hasira. Hasira hasa.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho ni tarehe nane, siku ya wanawake. Patron ametugawia liputa, vitenge vya kuandamana, za bluu, zina maandishi kwamba mwanamke ni nguzo. Mkono ule ule ulionipa karatasi. Halafu akaniuliza, bado? Nikasema bado. Liputa yangu nimeikunja, nimeiacha juu ya magunia. Aandamane nayo yeye.

Jumapili, 9 Machi
Sina nguvu ya kuandika lakini lazima. Faustin aliitoa karatasi chini ya godoro, akaipeleka kwa kaka yake mkubwa, Raphaël, amuulize kama inafaa. Kwao mambo ya mke hayaamuliwi na mtu mmoja. Hata mahali pa kutega mitego kwenye maporomoko ni pa ukoo, si pa mtu.
Baada ya misa tukaitwa. Raphaël amekaa, karatasi juu ya goti. "Faustin hawezi kusaini yeye peke yake. Mali ya kumuoa huyu mama tulitosha mifukoni mwetu sisi wote. Donc mimi ndiye nitasaini." Na akisaini, anataka nimpe mutoto yake wa kwanza kazi depo.
Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia miguu yake. Halafu akasimama, akaichukua karatasi kwenye goti la kaka yake, tukatoka. Sijawahi kumwona akimfanyia Raphaël hivyo. Njiani alitembea haraka mpaka nikashindwa kumfuata.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeomba ruhusa ya asubuhi, nimesema naumwa. Tumekwenda kwa mkaguzi wa kazi, Faustin na mimi. Tumengoja kwa muda wa saa tatu kwenye benchi. Mkaguzi ni mzee wa miwani. Alidhani mlalamikaji ni Faustin, kila swali anamuuliza yeye. Faustin akamwambia, "Uliza mama mwenyewe. Kazi iko yake." Mzee akaandika jina langu. Karatasi amebaki nayo. Atamwita patron.

Ijumaa, 14 Machi
Patron amesema: karatasi au funguo. Nimeweka funguo mezani. Amempa Didier.
Alasiri Didier amekuja kuniuliza chumvi iliyolowa inaandikwa wapi. Nimemwonyesha. Nilitamani kumpiga na daftari. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuhesabu sabuni.

Alhamisi, 20 Machi
Jana tuliitwa kwa mkaguzi, mimi na patron. Patron alisema hakujua kama sheria ilibadilika. Mzee akamuuliza kama sasa anajua. Akasema anajua.
Leo patron ameniita mbele ya Didier. "Mama Gloire, tungeongea tu, weye na miye. Kwa nini kupeleka mambo mbali?" Kuongea gani? Nilipewa karatasi na siku za kuileta. Funguo aliziweka ukingoni mwa meza, hakunipa mkononi. Nimezichukua. Hakuna aliyenipongeza. Didier tu aliniuliza kama nimemkasirikia. Nimesema ndiyo.

Jumatatu, 24 Machi
Mashua imefika. Magunia 90 ya unga, yote makavu. Mvua kidogo mchana.
Nimepanga kabati la depo. Nyuma ya fishi za zamani kuna faili la ruhusa za wanawake wote. Yangu iko chini kabisa, ya mwaka nilipoajiriwa. Naikumbuka siku ile. Nilimshika Faustin mkono ili aandike vizuri, tukacheka. Nilivaa nguo mpya kuipeleka. Niliwaringia majirani kwamba nina bwana anayeniruhusu.
Kila mwanamke nimemrudishia yake. Wengine wamezichana. Mama wa usafi ameitia yake mkobani. Bwana wake alikufa mwaka jana.
Yangu nimekuja nayo nyumbani. Faustin ameitazama sahihi yake, imepinda, wino umetawanyika. Amesema siku ile mikono yake ilikuwa bado na maji ya mtoni. Kisha ameikunja, ameiweka chini ya makaa, amewasha jiko la mbabula. Tumekunywa chai.