Mapigo ya Namba Saba

Hellevi, shoga yangu, nimejifungia stoo ya mashuka na sitoki.

Unaikumbuka ile saa ya mkononi tuliyovalishwa na mtafiti, ya kupima msongo wa wafanyakazi wa wodi? Leo katuonyesha matokeo ukutani. Majina hakuna, namba tu. Mimi ni namba saba.

"Namba saba ananitia wasiwasi," akasema. "Kila siku saa nne mapigo yake ya moyo yanapaa. Kuna mtu anamnyanyasa?"

ANAMNYANYASA, Hellevi!

Tuulikki, mkongwe wetu, akadakia: "Saa nne si ndiyo Ilmari wa mazoezi ya viungo anakuja kunywa kahawa na Sirkku?"

Wodi nzima ikanigeukia. Uso uliniwaka kama mawe ya sauna.

Ilmari naye, aliyekuwa kakaa nyuma, akauliza, "Na namba tisa je?" Namba tisa ndiye yeye mwenyewe. Mstari wake wa saa nne umelala chali! Umelala, Hellevi! Daktari wetu wa wodi akapaliwa kwa kicheko. Nikakimbia.

Sasa hivi Ilmari kagonga mlango. "Sirkku, usinielewe vibaya. Kutwa nzima roho iko juu. Nikikaa karibu na wewe tu ndiyo natulia."

Bado amesimama hapo nje. Nifungue?