Kwa Philister Awuor Oyoo, Aliyenyamaza kwenye Ungo

Mwaka umepinduka, Awuor, tangu Jumatatu ile ya Julai ulipotuacha, na nyumbani bado tunakutaja kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani.

Mama alitaka tangazo fupi gazetini: picha yako ya blauzi ya kijani, tarehe mbili, na mstari wa Biblia. Mimi, mdogo wako Joyline, ndiye niliyeomba nafasi kubwa. Siku ya mazishi yako nilisema neno mbele ya watu, na neno hilo likamwangusha mtu asiye na hatia. Sina budi kulirudisha mbele ya watu vilevile. Nivumilie, wewe uliyekuwa msomaji mvumilivu kuliko wote.

Miaka tisa ulipiga chapa kwenye duka la Bwana Kinyanjui, ghorofani, karibu na Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi. Barua za kuomba kazi, hati za kiapo, kadi za harusi, ratiba za mazishi za watu usiowajua. Ukikuta kosa ulilirekebisha bila kuambiwa, na mteja akiandika vibaya kuhusu marehemu wake ulimuuliza taratibu, "Una uhakika alikuwa hivi tu?" Bwana Kinyanjui alinung'unika kwamba unampotezea wakati. Lakini siku tulipokuzika alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku za uchaguzi.

Jioni ulitembea kwa miguu kutoka mjini hadi chumba chako cha Woodley, ukijaribu maneno ya wahusika wako kwa sauti. Watu wa Ngong Road walikupisha njia wakidhani umechanganyikiwa. Ulipoambiwa ulicheka, ukasema afadhali, njia imekuwa pana.

Na kila Jumamosi saa nane mchana ulimpigia binti yako Emmah, anayesoma kijijini kwetu Alego, kwa Mama. Hukukosa hata siku uliyong'olewa jino. Siku hiyo uliongea naye mdomo umejaa pamba, naye akacheka hadi akadondosha simu.

Miaka minne kabla ya kufa ulijiunga na kikundi cha WhatsApp cha watu waliotaka kuwa waandishi. Walikiita Ungo. Kilianzishwa na Lazarus, bawabu wa jengo moja la makazi huko Kileleshwa, aliyekuwa akiandika riwaya kwa kidole gumba akiwa kibandani mwake getini. Mlikuwa kumi na wanne na hamkuwahi kuonana. Wewe ulichapa sura za wenzako nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani, ukazisoma kwa penseli, kisha ukawatumia picha za kurasa hizo. Mwihaki, anayefua mashuka kwenye hoteli moja ya Westlands, alipokataliwa hadithi yake na gazeti, alisema anaacha kuandika. Bado anayo sauti uliyomtumia: "Mwihaki, hiyo story haijakataliwa, imechelewa tu. Andika ingine, mimi nangoja." Aliandika nyingine.

Ungo ulikuwa na sheria moja kubwa. Ijumaa jioni sura ya mtu mmoja iliwekwa kikundini, na wengine wote waliipepeta hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni, mchele huku, pumba kule. Muda huo wote mwenye sura hakuruhusiwa kujibu hata neno moja, maana mwandishi akianza kujitetea hasikii tena. Ukijibu, hata kwa kusema asante, zamu yako inayofuata ilirukwa, na zamu ilirudi baada ya wiki kumi na nne. Wewe hukuwahi kuivunja. Ulijivunia kimya chako kama wengine wanavyojivunia sauti.

Mimi niliudharau Ungo, na niseme wazi kwamba niliuonea wivu. Nilikuuliza, "Hao watu wa simu ndio ndugu zako siku hizi?" Ukanijibu, "Joy, wewe soma page moja tu yangu, nitawaacha wote leo." Sikusoma.

Julai ulikwenda Alego kumzika mjomba. Nyumba ilijaa waombolezaji, ukalala sebuleni bila neti. Uliporudi Nairobi baridi ilikuwa imeshika, kila mtu ana mafua, na ulipoanza kutetemeka ulidhani nawe umepata zako. Ijumaa uliondoka kazini mapema. "Ni hii baridi tu," ulimwambia Bwana Kinyanjui. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe hata hukujua kwamba unaficha.

Jioni hiyo zamu ilikuwa yako. Uliweka sura ya saba, ya mshonaji wa sare za shule anayeshikwa na homa akiwa peke yake chumbani, anaona kuta zinapumua na hawezi kuufikia mtungi wa maji. Leo tunajua kwamba hukubuni kitu.

Waliipepeta. Nimesoma yote, kila neno. Mwihaki alisema homa imeandikwa vizuri hadi akajifunika blanketi. Mwingine alisema mhusika analalamika mno, apunguziwe. Lazarus aliandika Jumamosi asubuhi, "Huyu mama ni mgonjwa sana kuachwa peke yake. Dada, weka jirani abishe mlango." Hukujibu. Wakaona unatii sheria.

Jumapili saa kumi na mbili kamili Lazarus aliandika, "Ungo umefungwa. Dada Awuor, ongea sasa." Kimya. Akangoja kidogo, akapiga simu, akapiga tena. Alipiga mara saba. Kisha aliacha geti la watu wazi, akapanda boda boda hadi Woodley kutafuta nyumba ambayo hakuwahi kuiona. Aliitafuta kwa sura yako ya tatu, ulimoeleza chumba cha nyuma chenye mlango wa buluu na ndoo ya sukuma wiki kizingitini. Alikipata. Mama Shiru, mwenye nyumba, alikuwa anadhani umesafiri. Walivunja kufuli la ndani pamoja.

Lazarus alikubeba mikononi hadi kwenye gari, na hospitalini alijaza fomu akajiandika ndugu. Daktari alisema ni malaria, na imeshapanda kichwani. "Mngemleta jana," alisema. Ulikata roho Jumatatu saa tatu asubuhi, sisi wa damu yako tukiwa bado tunapigiana simu kuulizana uko wodi gani.

Ungo wote walikuja kukuzika. Walikodi gari kutoka Nairobi hadi Alego, wakajuana sura humo ndani, njiani. Nilipowaona wakishuka nilichukua maikrofoni kwa mchungaji. Nilisema, "Hawa ndio waliomwua dada yangu. Walimfunga mdomo na sheria yao, halafu wakakaa wanamsoma akifa." Nikawaamuru waondoke. Kwetu mwombolezaji hafukuzwi, hata adui hupewa ugali wake kwanza. Wao walirudi garini bila kuonja maji. Lazarus alivua kofia, akaniambia, "Pole sana, madam," akatangulia kutoka.

Kuna mtu alirekodi. Video ilizunguka hadi Kileleshwa, na wenye jengo, waliokuwa tayari na hasira ya geti lililoachwa wazi, wakamfuta kazi. Ungo ulifungwa wiki hiyohiyo. Watu kumi na watatu waliacha kuandika kwa sababu ya maikrofoni yangu, na mimi nililala vizuri, nikijua mbaya wangu ni nani.

Februari Emmah aliifungua simu yako, maana namba ya siri ni tarehe yake ya kuzaliwa. Alitaka picha. Badala yake alikuta simu ambazo hazikupokelewa, akanisomea moja moja. Tatu za Mama, Jumamosi. Saba za Lazarus, Jumapili. Moja ya Bwana Kinyanjui, Jumatatu asubuhi, akiuliza mbona hujafika. Mtoto akapandisha orodha, akaishusha, kisha akaniuliza, "Auntie, yako iko wapi?"

Sasa nisikilize, Awuor, na wote wanaosoma wasikie.

Jumamosi ile saa tisa Mama alinipigia. "Awuor hajampigia mtoto," alisema. "Pita hapo kwake umwone." Nilikuwa Kangemi nasukwa nywele, nusu ya kichwa imekwisha. Nikamwambia sawa. Kutoka Kangemi hadi kwako si safari, na boda boda zilikuwa zimejipanga mlangoni. Nilimaliza kusukwa karibu saa kumi na mbili, mvua ikaanza kunyunyiza, nami sikutaka kuharibu nywele. Mama alipopiga tena nilimwambia, "Nimetoka kwake saa hii, Mama. Yuko sawa, anaandika. Si unajua hiyo Ungo yake? Hashiki simu mpaka kesho."

Sikuwa nimetoka kwako. Sikuwa nimekupigia hata simu. Na sheria ya Ungo haikuhusu simu za nyumbani, nami nililijua hilo, kwa sababu zamu zako zote za nyuma ulipokea simu zangu na tukapiga umbea.

Mama aliacha kukupigia. Alimwambia Emmah mama yake ana kazi, atapiga Jumapili. Kama ningesema tu sijapita, angempigia kaka yetu Oduor, aliyeko Kawangware, na Oduor huwa habishani na Mama. Angefika kwako Jumamosi kabla ya chakula cha jioni. Daktari alisema jana, na jana ilikuwa mkononi mwangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wa Ungo hawakujua kwamba unaumwa, na walipotia shaka walikimbia. Mimi nilitumwa kukuona na sikwenda. Niliwanyooshea kidole ili pasiwe na wa kuuliza nilikuwa wapi.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka mzima Mama amewaambia wageni, "Mtoto wangu hakuteseka sana. Jumamosi alikuwa mzima, Joyline alimwona." Ameyasema kanisani, ameyasema sokoni. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, nikaitikia kwa kichwa.

Machi nilimtafuta Lazarus. Nilimkuta Westlands, kwenye jengo linalojengwa, anabeba zege. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama karibu na rundo la mchanga. Hakunitukana, na natamani angenitukana.

"Mimi sina kinyongo na wewe," alisema. "Kazi itapatikana, hata hii ni kazi."

Nikamwomba aufungue Ungo tena. Nilimwambia kwamba Mwihaki yuko tayari, wenzake nao wanangoja neno lake.

"Madam, hapo usinisukume. Mimi siwezi soma kazi ya mtu tena. Mtu akinyamaza kidogo tu, naona ule mlango."

Msimamizi alimwita, akarudi kubeba. Riwaya yake aliifuta kwenye simu, Awuor. Ile uliyoichapa nyuma ya wasifu wa watu wanaotafuta kazi, sura kumi na mbili, imebaki kwenye droo yako dukani. Bwana Kinyanjui hataki iguswe. Nimeisoma. Na yako nimeisoma pia, kurasa zote, kwa kuchelewa kwangu. Sijui kusifu kama nyinyi mlivyosifiana. Ninachojua ni kwamba nilipofika mwisho wa sura ya saba nilitafuta ya nane.

Jumanne wiki hii nilikwenda Alego, nikamsomea Mama tangazo hili kabla ya kulipeleka gazetini. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilipofika pale pa Kangemi mikono yake ilisimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo Jumamosi hakuna aliyemwona mtoto wangu," alisema.

"Hakuna, Mama."

Aliinuka akaingia ndani, maharagwe yakabaki uani. Jioni alimtuma Emmah kwangu na maagizo. Tangazo lichapishwe lote, lisipunguzwe. Watu wa Ungo waalikwe kwenye ibada ya Jumamosi ijayo, na safari hii wale chakula. Jina la yule bawabu liandikwe pale yanapoandikwa ya watoto wake. Mwihaki na wenzake wamesema watakuja. Lazarus hajajibu. Nami Mama hajaniambia neno tangu siku hiyo.

Wanaokukumbuka: mama yako Dorsila, binti yako Emmah, kaka yako Oduor, kaka yako Lazarus, Mwihaki na wote wa Ungo, Bwana Kinyanjui, Mama Shiru.

Na mdogo wako Joyline, aliyesema amepita.

Maadamu tunapumua, Awuor, hatutakusahau.