Alama za Bi Mejumaa

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Karatasi kumi na nne leo, zimebaki thelathini na kitu. Meneja anataka kila kazi hapa hotelini ipewe alama kabla ya msimu wa wageni: elimu, ujuzi, uamuzi, kusimamia watu. Alama zinaleta daraja, daraja linaleta mshahara. A ni wakubwa. D ni vibarua, yaani unaitwa hoteli ikijaa, isipojaa unakaa kwako, na bima ya hospitali huna. Mimi ndiye karani wa wafanyakazi, basi mimi ndiye ninayeuliza na kuandika. Swali la kwanza: eleza kazi yako kwa maneno yako mwenyewe. Mkono unaniuma.

Jumanne, 6 Mei

Kevo wa baa amenimaliza saa nzima. Kijana wa Nakuru, mcheshi, hana baya. Alijiita mbunifu wa vinywaji. Ati anasoma hisia za mgeni kabla mgeni hajaketi. "Madam, hiyo usiiache, iandike." Nikaiandika. Ukurasa ukajaa, nikampa mwingine.

Kisha Bi Mejumaa wa kufulia. Miaka kumi na tisa yupo hapa Galu. Nilipoanza kazi sijui mtu, yeye ndiye aliyekuwa akiniwekea chakula. Nikamwamkia, tukajuliana hali, nikamuulizia mumewe na ugonjwa wake wa sukari. Halafu swali. Akacheka, akajiziba mdomo kwa upindo wa leso. "Kazi gani hiyo ya kuandikwa, mwanangu? Nafua tu, napiga pasi. Mungu anasaidia."

Nikaandika: Anafua. Anapiga pasi. Dakika nne, nikaenda kula.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaza karatasi yangu mwenyewe. Kurasa mbili. "Huratibu mawasiliano baina ya idara." Maana yake napiga simu jikoni. Nafasi za daraja B ni chache na mimi naitaka moja.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya kutia alama. Bi Mejumaa, ujuzi: mbili kwa kumi. Meneja aliangalia mistari yangu miwili, akaangalia saa. Sikusema kitu.

Niandike ukweli hapa, kwingine sitauandika. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, wa pwani hii hii kama yeye. Najua kwetu mtu mzima hajisifu kazi yake. Anaishusha, na anayemsikiliza ndiye anayeipandisha: hata, Bi Mejumaa, bila wewe hoteli hii ingelala wapi? Hiyo ndiyo adabu, nimekua nayo. Nikamwandika kana kwamba nimeshuka uwanja wa ndege jana. Na leo nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nikahofu meneja akiuliza karatasi ipi nyingine nimeiandika vibaya, atafika kwenye yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Orodha imebandikwa. Kevo B. Mimi B. Bi Mejumaa D.

Alivaa miwani, akasoma, akasema alhamdulillahi, akarudi kwenye pasi yake. Hakuja kwangu. Afadhali angekuja anitukane.

Aliyekuja ni Kevo, amekasirika. "Madam, huyo mathe mmemchoma. Nikimwagia mgeni divai kwa shati nyeupe, nani huniokoa? Si yeye?" Nikamwambia ni utaratibu. Mgeni wa Nakuru ameona nilichokifumbia macho mimi.

Jumapili, 18 Mei

Nipo nyumbani. Chakula hakipiti. Mama ananiuliza naumwa nini, nasema tumbo. Mwisho wa kupeleka malalamiko ni Ijumaa hii. Yeye hatapeleka, namjua. Bima ikikatika, mumewe atakosa kliniki. Ni mistari yangu miwili hiyo, si ya mtu mwingine.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeshinda chumba cha kufulia, na daftari. Nilimwambia nakuja kutazama. Akanipa kigoda.

Nimeandika hivi. Anaonja maji ya kisima kwa ulimi, chumvi ikizidi anangoja maji ya lori, maana mashuka yatageuka manjano. Wageni wanachorwa maua ya piko, ile rangi nyeusi ya mikononi, huko ufuoni, wanalala nayo mbichi, shuka linatoka limechorwa maua. Ndimu, chumvi, anasugua kwa kidole gumba, analitoa jeupe. Jua halipo wiki nzima na taulo za bwawa zimekauka. Vipi, sijui, lakini nimeziona. Alipapasa mfuko wa suruali ya mgeni akatoa pete ya ndoa, akaituma mapokezi bila hata kusimamisha mazungumzo. Shuka la chumba fulani alilinusa, akamwambia msafishaji amwite daktari, mgeni yule ana homa siku ya pili na anaficha. Ilikuwa kweli.

Kurasa tano. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumanne, 20 Mei

Karatasi mpya inahitaji sahihi yake. Nikamsomea yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema hakuna uongo hapo, lakini mbona maneno mengi.

Nikamwambia: ile ya kwanza niliiandika vibaya, Bi Mejumaa, na nilijua.

"Ulijua?"

Nilijua.

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke. "Mimi nilikuachia nafasi," akasema. "Nilidhani utajaza wewe. Wewe ni wa kwetu."

Akatia sahihi pole pole, jina zima mpaka la babu. Akanirudishia kalamu yangu. Nilitaka anisamehe pale pale na hakunisamehe, na sina haki ya kumwekea muda.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda kwa meneja. Nimesema yote, hata ya karatasi yangu na simu za jikoni. Nilikuwa tayari kushushwa. Usiku wote nilishajizoeza kuwa C. Alisoma zile kurasa tano, akasema ataangalia.

Alhamisi, 29 Mei

Barua zimetoka. Bi Mejumaa amepanda hadi C. Bima imebaki. B hakuifikia, maana hana cheti na hana watu anaowasimamia.

Mimi nimeachwa B. Meneja ameandika kwa mkono wake kwamba nimeonyesha uadilifu, na ameniongezea alama kwa hilo. Yaani kumkosea kisha kukiri kumehesabiwa zaidi kuliko miaka kumi na tisa ya mashuka. Nimeisoma barua mara mbili. Mwezi ujao nitaupokea mshahara huo. Najua nitaupokea.

Mchana nikashuka kumpelekea barua yake. Akaisoma, akashukuru, akaitia chini ya leso. Mvua imekatika, kazi imejaa. Nikaketi kumsaidia kukunja foronya. Nilikunja kama ishirini. Nilipoinuka kuondoka nikageuka mlangoni. Alikuwa amezivuta zile zangu kwake, anazikunjua moja moja, anazikunja upya.