Koo Langu na Majibu ya Maalim

Jumatatu, 3 Februari
Vidonge vipo, kompyuta nimewasha, chai imepoa. Wa kwanza leo Maalim Shomari, aliyenifundisha Kurani nikiwa na miaka sita. Tangu mkewe afariki, sonona imemkalia. Darasa kaliacha.
Wiki ya nne ya utafiti. Kila siku anameza kidonge: huenda ni dawa ya kuongeza serotonini, kemikali inayogusa hisia, kwenye ubongo, huenda ni kidonge kitupu. Hata mimi sijui. Kisha mchezo: picha mbili, moja ina zawadi. Ukishaizoea, kompyuta inahamishia zawadi kwenye ile nyingine. Tunapima mtu anajifunza upya haraka kiasi gani.
Alikosa mara nyingi mfululizo. Jasho likamtoka. Kidole kilipokaribia tena picha isiyo yenyewe, nikajikohoza. Akakihamisha.
Sikupanga. Ndivyo alivyotufanyia madrasa. Ukikosea aya mbele ya wageni, anajikohoza, unarudi.

Alhamisi, 6 Februari
Nimejikohoza tena. Mara nne. Mwongo mimi.
Dokta Neema, mkuu wetu, kaona alama zimepanda, kafurahi. Maalim kafurahi zaidi. "Akili imerudi, mwanangu. Nitawaambia wazazi narudi darasani."
Nikaitikia alhamdulillahi. Uso mkavu.

Jumatano, 12 Februari
Dar, kwa picha za ubongo. Ndani ya mashine ya MRI mtu hucheza akiwa peke yake, na kelele zake kama nyundo juu ya bati. Koo langu halifiki huko. Alama za Maalim zimeanguka vibaya.
Dokta Neema akamuuliza kama vidonge anavitupa. Mzee wa miaka sabini akaapa kuwa anavimeza. Nilikuwepo. Nilinyamaza.
Njia nzima ya kurudi Bagamoyo Maalim alivuta tasbihi. Najichukia.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemwambia Dokta Neema yote. Hakufoka. Afadhali angefoka.
Majibu ya Maalim yanaondolewa. Matibabu yake yataendelea kliniki. Mchezo sitausimamia tena. "Makosa yake ndiyo tuliyoyahitaji," amesema.
Bado kumwambia Maalim mwenyewe.

Jumatatu, 17 Februari
Nimekwenda kwake baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Kisha nikasema yote, macho kwenye mkeka.
"Nilikusikia tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikakufuata, nisije nikakuaibisha mbele ya wakubwa wako. Halafu nikasahau kuwa ni wewe. Nikadhani ni mimi."
Nilimwomba radhi, akanipa. Haijanitosha.
Darasa, kasema, lingoje kwanza. Kliniki atakwenda.
Nilipotaka kuaga akaniambia nikae, nimsomee marehemu mkewe sura ya Yasini. Nikasoma. Katikati nikakosea aya.
Akajikohoza. Nikarudi.