Roli Zilipomtema

Kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote. Mama kikohozi kimemwacha, na bati la jikoni tumeshaliziba. Mkeo amenikataza nisikuandikie haya, lakini siwezi kukuficha.

Jumanne, pale kiwandani kwetu, mashine ya kusukuma donge la mikate ilimdaka mkeo mkono. Roli zake mbili, yale magogo ya chuma yanayobana donge, zikamvuta hadi karibu na kiwiko. Niliwahi kuzima umeme, ila roli zilibaki zimembana. Akanitazama, akasema, "Wifi, usiniache."

Nikakumbuka ulivyonifundisha: mota ya nyaya tatu, ukizibadilisha mbili nafasi, huzunguka kinyume. Nikafungua swichi kwa bisibisi, nikabadilisha nyaya mbili. Bosi akafoka, "Ukiirudisha nyuma utaniulia mashine!"

Nikamjibu, "Na mtu je?"

Niliwasha kwa sekunde moja tu. Roli zikaguna, zikamtema.

Mashine haikufa. Nati moja ya gurudumu ilijifungua kwa kuzungushwa kinyume. Fundi akaikaza kwa spana, akarudisha nyaya zilivyokuwa, na mikate ikaendelea kutoka siku ile ile. Mimi nimefukuzwa kazi hata hivyo, wala sijuti.

Mfupa wa mkono wa mkeo umevunjika mahali pawili, na vidole viwili bado havina hisia. Anaogopa utamwona mzigo. Kaka, usimpigie simu. Panda gari uje umwambie mwenyewe, uso kwa uso, kwamba sivyo.

Ni mimi dada yako, niliyeshindwa kunyamaza.