Nilijibu: Sisikii

Likasi, tarehe 16 mwezi wa nane, 1961

Kwako Yaya Mumba, kaka yangu mkubwa, mwalimu wa Kasenga,

Alhamisi iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi, nilipoteza kadi yangu ya ualimu. Haikudondoka njiani wala haikuibwa. Karani aliikata pembe kwa mkasi mbele ya macho yangu, akaitia kwenye droo. Miaka saba na miezi minne nimeibeba katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, na hadi leo mkono wangu unakwenda hapo wenyewe na kukuta kitambaa tupu.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Barua ndefu unasoma ukurasa wa kwanza tu, zinazobaki unampa shemeji akusimulie. Sasa nauliza: Mama hajambo? Ule mguu uliokuwa unavimba wakati wa mvua umepungua? Na kifua chako wewe? Huku kwetu tunapumua. Ngosa, mke wangu, ni mzima na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi mwili hauna neno. Hofu ndiyo nyingi, nayo sitakuficha.

Darasa langu hujaliona hata siku moja, basi nikueleze. Ni chumba cha matofali nyuma ya karakana ya useremala ya misheni, palepale nilipoanza kazi nikiranda mbao. Watoto ni kumi na wanne, wote viziwi kama mimi: sita wa hapa Likasi, wanne wa Kambove, watatu wa Kapolowe, na msichana mmoja wa Mulungwishi, Musonda. Baba yake alimleta akisema huyu hana akili. Leo anagawanya namba za tarakimu nne kwa haraka kuliko mimi. Kabla yangu waliletwa walimu wawili wenye masikio. Wa kwanza alikaa siku tisa, wa pili kumi na mbili. Kazi yao ilikuwa kuwapigia watoto kelele.

Mwezi wa saba ikatoka karatasi: kadi zote za zamani zinakufa, na kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa kila mwalimu apate ruhusa mpya. Alete brevet, cheti cha ualimu, au ushahidi wa miaka mitano ya kazi. Ushahidi ninao, na ziada ya miaka miwili. Alete karatasi ya daktari. Daktari aliandika kwamba moyo, mapafu na macho yangu ni mazima, na chini akaandika kiziwi, jambo ambalo halikuwa siri. Halafu kila mmoja ajaze fomu kwa mkono wake mbele ya karani, peke yake. Ngosa akabaki nje kwenye benchi. Maswali yalikuwa kumi na moja. Kumi niliyajibu vizuri. La tisa liliandikwa hivi: Je, unasikia lugha ya wanafunzi wako?

Nikaandika: Hapana. Sisikii kitu tangu nina miaka tisa.

Pasome hapo mara mbili, Yaya. Watu wote wa Katanga, hata mama wauza mihogo, wanajua kwamba mtu akiulizwa kama anasikia Kifaransa, anaulizwa kama anakielewa. Mimi sikujua. Masikio yangu yaliziba kabla sijaifikia maana hiyo. Kiswahili changu ni cha karatasi: cha katekisimu yako uliyoitupa ikiwa imechanika, cha mifuko ya unga, cha makopo ya rangi. Wewe ulipelekwa shule miaka tisa. Mimi Baba alisema kumsomesha huyu ni kumwaga maji mchangani, basi nikajisomesha, na katika karatasi nilizookota kusikia ni kazi ya masikio tu. Karani akasoma jibu langu, akamwonyesha mwenzake, wakacheka, akachukua mkasi.

Nilipotoka nje nikamweleza Ngosa kwa mikono. Kisha akaniuliza, polepole, kama anavyofanya akitaka kunionea huruma: "Lugha ya watoto wako ni gani?" Nikamjibu ni ya mikono. "Basi weye hauisikie? Nani mwingine anaisikia?" Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Niliapa kwa kalamu yangu mwenyewe kwamba siwaelewi watoto ninaowaelewa kuliko mtu yeyote wa mji huu.

Jumamosi nilipanda baiskeli niende Kambove kuwaambia wale wazazi wanne. Njia sasa ina vizuizi vya askari, mapipa na magogo, na kuna uvumi kwamba askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, watakuja, kwa hiyo wenye bunduki wana vidole vyepesi. Mimi hupita nikitazama macho ya watu, maana amri sizipati. Siku hiyo jua lilinipiga usoni nisione vizuri. Ghafla baiskeli ikavutwa nyuma, nikaanguka. Mama mmoja muuza mihogo alikuwa ameshika kiti cha mizigo kwa mikono miwili. Nilipoinua kichwa, mdomo wa bunduki ulikuwa karibu kama kijiko kilivyo karibu na mlaji.

Na mkono wangu, Yaya, mkono huu mpumbavu, ukaenda mfukoni kutafuta kadi.

Niliona kidole cha askari kikijikunja. Yule mama akanikamata vifundo vya mikono yote miwili akainyanyua juu. Walichosema nilikipata baadaye, Ngosa alipokwenda kumshukuru, na Ngosa hapunguzi neno.

"Nimemuita mara tatu," askari alisema.

"Hata ungemuita mara mia, tata. Huyu ni kiziwi, anafundisha batoto betu."

"Kiziwi gani anapanda kinga?" akauliza, akionyesha baiskeli.

"Kinga inaendeshwa na miguu, tata. Haiendeshwe na masikio."

Askari wa pili akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniachia uhai. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli. Tangu siku hiyo sijatoka nje ya mtaa bila Ngosa. Ile kadi ilikuwa inasema kwa niaba yangu kabla mtu hajakasirika. Sasa hakuna kinachosema.

Lakini usidhani nakuandikia kwa ajili ya ngozi yangu peke yake. Likizo hii watoto wanane wamebaki hapa misheni kwa sababu njia ni mbaya. Bunduki zikilia hatuzisikii. Masikio yetu ni mbwa wa mpishi wa misheni: akiingia chini ya meza yangu na mkia katikati ya miguu, napiga sakafu kwa kisigino mara moja, wanageuka, nawapa alama ya kulala chini, wanalala. Mwezi huu tumefanya hivyo mara tatu. Bila ruhusa chumba kitafungwa na kila mtoto atarudishwa kwao, na kwao, katika nyumba kumi na nne, hakuna hata mtu mmoja anayejua kumwambia mtoto wake alale chini.

Jumatatu Ngosa alinivaa, akanivuta hadi kwa mkaguzi mwenyewe. Karani alisimama mlangoni; waliyosemezana Ngosa alinipa baadaye.

"Uliandika weye mwenyewe: sisikii. Sasa miye nifanye nini?"

Ngosa akampita. "Bwana mkaguzi, fomu ilimuuliza na neno ya kichwa, yeye akajibu na neno ya masikio. Muulize tena."

Mkaguzi ni mtu mkavu, si mbaya. Akaandika kwenye karatasi: Hiyo ya mikono ni lugha?

Karani hakungoja nijibu. "Kama ni lugha, iko ya kabila gani?"

"Ya kabila ya bale hawasengenyake batu," Ngosa akamwambia. Waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi nikaona meno yao, na karani akarudi kwenye meza yake.

Mkaguzi hakucheka. Akaandika tena, nami karatasi hiyo ninayo hapa. Mke si shahidi. Nilete mwalimu mwenye brevet, anayesikia kwa masikio na anayeisikia pia lugha hiyo. Yeye mkaguzi atamsomea maneno ishirini, huyo mwalimu anipe kwa mikono, mimi niyaandike ubaoni nikiwa nimempa mkaguzi mgongo kila anaposoma neno, nisije nikasoma midomo yake. Nikipata kumi na sita, atatia sahihi, na sharti hilo litatosha kwa kiziwi yeyote mwingine atakayekuja baada yangu. Siku ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa tatu asubuhi. Mwisho akauliza: Kuna mtu wa namna hiyo katika Katanga yote?

Nikaandika: Mmoja.

Ni wewe, Yaya. Unajua ni wewe. Homa ya shingo iliponiacha bila masikio, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na mtumbwi wa Baba ulihitaji watu wawili, mmoja majini na mmoja ukingoni. Hukuweza kuniita, basi ukaanza kuniambia kwa mikono. Ndiyo ilikuwa ngumi inayovuta kamba ya wavu, mara mbili, hadi kifuani. Hapana ilikuwa kiganja kinachosukuma maji. Nimehesabu: ninafundisha maneno mia mbili na kumi na mawili, na sabini na moja ni yale yetu wawili ya mto Luapula. Watoto wa Kambove ambao hawajawahi kuuona mto ule wanavuta wavu wako kila wanaposema ndiyo. Hukuwahi kuambiwa hilo. Nakuambia leo.

Kisha ukawa mwalimu, ukavaa shati jeupe, mikono yako ikanyamaza. Siku ya harusi yako nilisimama kati ya wageni nikupongeze. Ukaja, ukanishika vifundo hivihivi, ukaiweka mikono yangu mezani kama mtu anayerudisha vyombo. Ukatabasamu kwa wakwe. Nilikaa. Ni miaka tisa na sijakudai maelezo, wala leo sikudai. Lakini Jumamosi yule mama alipoishika mikono yangu mahali palepale, aliinyanyua juu. Tofauti hiyo nimeiona.

Najua unachoogopa. Mwape, dereva wa lori la samaki anayekuletea barua hii, amehesabu vizuizi kutoka Kasenga hadi hapa: saba. Nimemwambia ukweli na nakuambia ukweli, hata mimi nisingependa kuvipita. Ila wewe ukiitwa utasikia, na kadi yako haijakatwa. Mwape anasema atakuweka mbele karibu naye, si nyuma na samaki. Aliongeza kitu ambacho Ngosa alikiandika ubaoni mwangu huku akicheka: "Barua nitafikisha. Mwalimu Mumba mwenyewe sijui. Ule bwana anaogopa mafuta ya samaki kuliko risasi." Njia ni siku mbili. Ukipanda Jumatano tarehe 30 utafika Alhamisi, utalala kwetu, Ijumaa tunakwenda. Maneno uliyoyasahau nitakurudishia jioni moja. Unayakumbuka mengi kuliko unavyopenda.

Mwambie Mama ninakula vizuri na usimwambie habari ya bunduki. Msalimie shemeji, ambaye najua ndiye anayesoma ukurasa huu. Shemeji, nakuomba umsimulie bila kuruka. Msalimie mjomba mshona nyavu, na binti yako mkubwa aliyeniandikia namba za moja hadi mia bila kosa, na mama mkwe wako pia, hata kama alicheka siku ile.

Sasa jibu lako. Mwape anarudi Likasi Jumamosi tarehe 26. Nikifika Jumapili tarehe 27, saa sita mchana, bila neno lako, nitaketi niandike barua kwa wazazi kumi na wanne waje wachukue watoto wao, kwa njia hizohizo. Usiniandikie tutaona. Usiniandikie Mungu akusaidie, hizo ninazo nne. Usiandike kitu. Mfundishe Mwape hapo sokoni, mbele ya wauza samaki na wazazi wa wanafunzi wako: ngumi mara mbili hadi kifuani, au kiganja juu ya maji. Moja tu. Nitakuwa nimesimama kwenye geti la karakana tangu asubuhi, nitauona mkono wake akishuka kwenye lori kabla hajanifikia.

Ni ipi, Yaya?

Mdogo wako,
Kunda